Masanga ya Mbila Nayo Yana Kwao

Hapa Mangobo, Kisangani, kuna imani ambayo hakuna anayeipinga hadharani, nami naipinga leo. Inasema kwamba divai ni elimu, na masanga ya mbila, yaani tembo la mchikichi, ni kukata kiu tu. Divai, wanasema, ina nchi zake, mabonde yake na miaka yake, na mtu hujifunza kuichagua. Masanga ya mbila hayana la kujifunza: yameletwa na baiskeli kutoka porini, asubuhi matamu, jioni machachu, yote ni yale yale, na mnunuzi huangalia bei tu. Maneno haya nimeyasikia kwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa makarani, kwa wapishi wa sherehe, na kwa wazee ambao wenyewe wanayanywa masanga hayo kila Jumapili.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kila harusi yenye fedha kidogo. Meza ya wakubwa imepangwa chupa za Ufaransa au za Afrika Kusini, na zikikosekana, pakiti za karatasi zenye divai tamu isiyojulikana imetoka shamba gani. Bido, yaani dumu, la masanga limewekwa nyuma ya nyumba, kwa ajili ya wajomba waliokuja kutoka kijijini. Bwana harusi anaona amewaheshimu wageni wake. Mimi naona amewanyima kinywaji pekee cha siku hiyo ambacho kingeweza kuelezwa kimetoka kwenye mti gani, kwa mkono wa nani, saa ngapi.

Imani hii ni ya uongo mara mbili: ni ya uongo kuhusu masanga, na ni ya uongo kuhusu divai yenyewe. Nitaanza na divai, kwa kuwa ndiyo inayotumika kutunyamazisha.

Watu hudhani majina makubwa ya divai yalichipuka ardhini pamoja na mizabibu. Hayakuchipuka, yaliandikwa na watu. Mwaka 1855 Napoleon wa Tatu alikuwa na maonyesho makubwa Paris, akataka divai za Bordeaux zipangwe kwa daraja. Waliopanga walikuwa madalali, na kipimo chao kikuu kilikuwa bei ambazo divai hizo zilikuwa zikiuzwa sokoni. Orodha ile ya madalali, yenye madaraja matano kwa divai nyekundu, ingali inaheshimiwa hadi leo, na badiliko lake linalokumbukwa zaidi lilikuja mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza. Miaka mingi baada ya orodha hiyo, mwaka 1935, serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kulinda majina ya mahali, ili asiyelima katika eneo fulani asiuze divai yake kwa jina la eneo hilo. Basi huo utaalamu wa maeneo tunaousujudia ni kazi ya watu waliokaa mezani, wakaonja, wakabishana, wakaandika mipaka. Ni kazi nzuri, naistahi. Lakini ni kazi ya watu, na watu wengine wanaweza kuifanya juu ya kinywaji kingine.

Sasa tazama kilichotokea kwetu katika miaka hiyo hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1933, Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya uchunguzi wa kilimo ambayo kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi, kiasi cha kilomita 100 tu kutoka hapa ukishuka na mto. Huko mchikichi ulichunguzwa kuliko pengine popote duniani. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapisha ugunduzi uliogeuza kilimo cha mti huo ulimwenguni kote: mchikichi wa dura, wenye kokwa la ganda nene, ukichanganywa na pisifera, ambao kokwa lake halina ganda, huzaa tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba mengi ya michikichi ya Malaysia na Indonesia yanasimama juu ya kazi ile ya Yangambi.

Mti huo ulipimwa ganda, ukapimwa nyama, ukapimwa mafuta. Uchunguzi huo haukuwa na sababu ya kupima ladha ya maji yake, kwa kuwa makampuni yaliyosubiri majibu yalitaka sabuni na siagi ya mimea. Tangu mwaka 1911 William Lever alikuwa amepewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, na kimoja cha vituo vyake, Elisabetha, ambacho leo ni Lokutu, kiko ndani ya jimbo letu la Tshopo. Mchikichi ukawa kiwanda cha mafuta. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba mzabibu una maeneo na mbila haina, namjibu kwamba mzabibu uliulizwa swali la ladha na mbila haikuulizwa. Kukosa jina kwenye ramani si kukosa tofauti kinywani.

Tofauti zenyewe ziko wazi kwa anayetaka kuzionja. Kwanza ni mti. Yanayoitwa masanga huku kwetu huweza kutoka kwenye mbila ya kawaida, ile ya mafuta, au kwenye mirafia inayomea vinamasini. Hiyo ni miti miwili tofauti kabisa. Mrafia huchanua mara moja tu katika maisha yake kisha hufa, na mgema huupiga karibu na wakati huo, pale juu kabisa kileleni, akichukua sukari yote ambayo mti umeikusanya kwa miaka. Mbila huchanua mwaka hadi mwaka, na mgema anayejua kazi anaweza kuugema ukiwa umesimama, akikata shina la ua la kiume bila kuuua. Tofauti kati ya maji ya miti hii miwili haihitaji pua ya mtaalamu, inahitaji tu mtu aweke vikombe viwili mbele yake badala ya kimoja.

Pili ni namna ya kugema. Wapo wanaopanda mti ulio hai na kuteremsha kibuyu asubuhi na jioni. Wapo wanaouangusha mti, wakachimba shimo karibu na kichwa cha shina, wakakinga maji kwa wiki kadhaa. Mti ulioanguka hautoi kinywaji kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: utamu wake na ukali wake hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, na pale mgema anapochoma uso wa kidonda kwa kijinga cha moto ili maji yaendelee kutiririka, moshi nao huingia kikombeni. Mnywaji wa Bordeaux husifu harufu ya moshi iliyotoka kwenye pipa la mwaloni, na husema hiyo ni sanaa. Mnywaji wa Mangobo akikuta moshi kwenye masanga husema yameharibika. Kwa nini pua moja iwe na haki ya kusifu na nyingine iwe na kazi ya kulalamika tu?

Tatu ni saa, na hapa masanga yanaipita divai ya zabibu kwa mbali. Maji yanapotoka mtini ni karibu sukari na maji matupu, sukari ikiwa kiasi cha asilimia 10 au zaidi kidogo, bila uchachu wowote. Hamira ya porini na bakteria walio kwenye kidonda cha mti na kwenye chombo huanza kazi papo hapo. Ndani ya saa chache kilevi kimeshapanda. Kabla ya siku kwisha kinaweza kufika asilimia 4 au 5, na asidi nayo imeongezeka. Kesho yake siki inabisha hodi. Wataalamu wameyafuatilia mambo haya kwa vipimo: mwaka 1971 Van Pee na Swings walichapisha katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki uchunguzi wao wa kemia na vijidudu katika masanga ya mbila ya Kongo hii hii. Divai ya zabibu huhesabu umri wake kwa miaka, ya mbila huhesabu kwa saa. Masanga ya saa mbili asubuhi, ya saa sita na ya saa kumi ni vinywaji vitatu vya chombo kimoja, na anayejua kuchagua huchagua saa kabla ya kuchagua muuzaji. Mimi napenda ya saa sita, utamu ukiwa haujaondoka na uchachu umeshaingia, yakiwa na samaki wa kuchoma na pilipili mezani. Ya alfajiri nawaachia wanaopenda sukari.

Nne ndiyo ile wanayosema hatuna: mahali. Kisangani imekaa katikati ya njia zinazotoka pande zote, njia ya Buta na Banalia kaskazini, ya Ituri na ya Lubutu mashariki, ya Yangambi magharibi, na ng'ambo ya mto njia za Ubundu na Opala zinazoishia Lubunga. Masanga ya ng'ambo lazima yavuke Mto Kongo kwa mtumbwi kabla ya kufika kwetu upande wa kulia. Kila saa ya kungoja pwani ya Lubunga ni saa ya kuchacha, na kila kilomita ya baiskeli kwenye barabara ya mashimo ni kutikiswa. Kisha kuna watu. Waturumbu, Wambole, Watopoke, Wakumu, Walokele, kila jamii ina wagema wake waliofundishwa na baba zao namna ya kukata, namna ya kuosha kibuyu au kutokukiosha ili hamira ya jana ianzishe kazi ya leo, na katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati huongezwa hata magome ya miti ili kutia uchungu na kuchelewesha siki. Ardhi, mti, mkono, safari. Mfaransa akiviweka vitu hivyo vinne pamoja huviita eneo la divai na kuvitungia sheria.

Sasa turudi kwenye ile chupa ya meza ya wakubwa. Imepakiwa melini Ulaya au Cape. Imeshuka Matadi. Kutoka Matadi hadi Kinshasa mto hauruhusu chombo kupita, kwa hiyo imekwenda kwa lori au kwa reli ile ya kilomita 366. Kutoka Kinshasa imepanda mto kiasi cha kilomita 1,700 juu ya jahazi la chuma, chini ya jua la ikweta, kwa safari ambayo mara nyingi huhesabiwa kwa wiki. Imefika ikakaa kwenye rafu ya ligablo, duka dogo, lisilo na umeme wa uhakika. Wenye divai yao huihifadhi kwenye nyuzi joto 12 hadi 15. Kisangani wastani wetu ni karibu nyuzi 25 mwaka mzima, na ndani ya kontena lililoanikwa juani ni zaidi ya hapo sana. Divai iliyopata joto kwa muda huo huwa kama imepikwa: harufu ya tunda hupungua, rangi huchoka, kinachobaki ni ukali na utamu. Karatasi bado inasema Bordeaux. Kilichomo ndani si kile Bordeaux inachokunywa.

Kwa hiyo hata kwa kipimo cha wapenzi wa divai wenyewe, mtu wa Mangobo anayetaka kufahamu ladha ya mahali hawezi kuifahamu kwa chupa hiyo. Anajifunza jina na picha ya jumba la kifahari, kisha anasifu alichoambiwa asifu. Na huko huko kwenye chimbuko la majina hayo, jina limeshaanguka hadharani. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha waonjaji mashuhuri wa Ufaransa hotelini Paris, akawapa divai za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha chupa. Waliamini watatambua za kwao. Nyekundu iliyoshinda ilikuwa Stag's Leap ya mwaka 1973, nyeupe iliyoshinda ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka huo huo, zote mbili za California. Mwaka 2001 uchunguzi uliofanywa Bordeaux ulionyesha jingine: waonjaji 54 walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalikuwa yameshaamua kabla ya ulimi.

Sisemi kwamba utaalamu wa divai ni uongo. Nasema utaalamu wa kweli uko kwenye kuonja, na karatasi ya chupa mara nyingi huuziba. Majirani zetu wa Tanzania wamelipata somo hili kwa njia yao. Dodoma ni nchi kavu ambayo anayefuata vitabu vya Ulaya asingeiwazia, haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, na kwa sababu hiyo hiyo mkulima wa huko hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mtu akionja divai nyekundu ya Makutupora akitafuta Bordeaux ndani yake, atasikitika. Akiionja kama kinywaji cha Dodoma, kilichotoka kwenye mchanga na jua la Dodoma, atakuwa na la kusema.

Najua imani ninayoipinga ina mzizi wa heshima. Wengi wetu neno divai tulikutana nalo altareni, na sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya asili, itokayo kwenye tunda la mzabibu. Hata liturujia ya Zaire iliyoidhinishwa mwaka 1988, ambayo iliingiza ngoma zetu na kuwataja wahenga wetu, haikugusa sharti hilo. Sina ugomvi na altare. Lakini sharti la sakramenti halikuwekwa ili kupanga vinywaji vya harusi, na anayelichukua kutoka kanisani hadi mezani kwake amelipa kazi ambayo halikupewa. Mzizi wa pili si wa heshima. Chini ya Wabelgiji, divai na pombe kali zilikuwa za Mzungu kwa miaka mingi, Mkongomani akikatazwa. Kilichokatazwa kikawa cheo. Wapo wanaonunua chupa leo bila kuipenda ladha yake, wananunua ruhusa ambayo babu zao walinyimwa. Naelewa uchungu huo, na bado nasema mjukuu hana sababu ya kuendelea kulipa.

Kuna pingamizi moja zito ninalotaka kulijibu sawasawa: kwamba masanga ya sokoni huchakachuliwa. Ni kweli. Wapo wanaoongeza maji, wapo wanaoongeza sukari, wapo wanaotumia bido lililobeba petroli wiki iliyopita. Lakini pingamizi hili linanisaidia mimi. Divai ya Ufaransa nayo ilichakachuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 20, hadi wakulima wa kusini wakaandamana mwaka 1907 kwa maelfu, na sheria za majina ya mahali zilikuja baada ya udanganyifu, kwa ajili ya udanganyifu. Waswahili wa pwani wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo isingetungwa na watu wasioweza kuonja maji ndani ya tembo. Mnywaji anayejali ndiye mlinzi wa kwanza. Pale ambapo wanunuzi wote huuliza bei tu, mgema mwaminifu aliyeamka saa kumi alfajiri hulipwa sawa na aliyejaza bido bombani, na baada ya muda mwaminifu huacha.

Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko suala la heshima ya meza. Kugema mti uliosimama ni kazi ngumu na ya hatari, kuuangusha ni rahisi. Soko lisilotofautisha huwapa ushindi wanaoangusha, na mirafia ya vinamasini ikimalizwa karibu na mji, masanga yatatoka mbali zaidi, yatafika yakiwa machachu zaidi, na wale wale waliosema yote ni yale yale watasema tuliwaambia.

Waislamu, Wakimbangu na Wakristo wa uamsho wasiokunywa kilevi, makala haya hayawaombi waanze. Wala siombi yeyote anywe zaidi: anayeonja kwa makini hunywa kidogo, kwa sababu kikombe cha tatu hakiambii tena ulimi kitu. Na lotoko, pombe kali ya kukeneka, sikulitaja, kwa kuwa kinywaji ambacho mtu hanywi kwa ladha, na ambacho kikikosewa katika kukenekwa kinaweza kuua, kina mjadala wake mwingine.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana wiki hii. Mpishi wa sherehe aweke masanga mbele, kwenye mitungi ya kioo, na juu ya kila mtungi aandike kijiji, aina ya mti na saa ya kukingwa. Walimu na wanafunzi wa kilimo hapa Kisangani, warithi wa Yangambi, wachore hatimaye ramani ambayo INEAC haikuchora. Na wewe unayenunua, kusanya marafiki wanne, nunua kwa wauzaji wanne wa njia tofauti, funika vikombe msione cha nani ni kipi, onjeni na kila mtu aandike kabla ya kuzungumza. Kisha mrudie mama anayeuza, mwamkie vizuri, umuulize: masanga haya ni ya mbila au ya rafia, mti umesimama au umeangushwa, yametoka njia gani, yamekingwa saa ngapi? Wapo watakaojibu yote manne bila kusita, na kumtaja mgema kwa jina. Nunua kwao, hata wakizidisha bei.